Maji Kwenye Simu

Basi la kwenda Zarqa lilipotoka Amman, Nuhad, mshonaji aliyekuwa akirudi kwake, aliketi nyuma ya binti mwenye kitambulisho shingoni na mzee mwenye mikono ya fundi bomba. Hakukusudia kusikiliza, lakini sikio halina pazia.

“Huu ni mwezi wa tatu unajifunza kazi kwa hao wageni wa shirika la maendeleo, na hulipwi?” mzee aliuliza. “Wanakuchuna, binti yangu.”

“Ami, leo nimepewa kupigia simu nyumba za kijiji kimoja huko Karak, niulize kama maji ya bomba yamefika. Bibi mmoja akaniambia, ‘Nyamaza, mwanangu, sikiliza mwenyewe.’ Akasogeza simu kwenye bomba, akafungua.”

“Ikawaje?”

“Yakamwagika! Nikaongeza sauti ya simu, ofisi nzima ikasikia. Mkuu wetu alitoka na kikombe chake mkononi, akasimama tu. Bibi yule amechota kisimani miaka sitini, ami.”

“Wageni wataondoka, na pampu waliyoiweka itakufa. Nimezizika nyingi.”

“Ikifa nitapiga kelele mpaka itengenezwe.”

“Kwa cheo gani, nawe hata kazi huna?”

Nuhad aliinama mbele asikie jibu la binti, lakini basi lilikuwa limeshasimama. Mzee aliinuka, akashika mlango, abiria wakimsukuma kwa nyuma, kisha akageuka.

“Na huyo bibi, alisema nini?”

“Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.”

Mzee akashuka akitikisa kichwa, na Nuhad hakujua kama anakataa au anastaajabu.