Aliyeugua kwa Niaba ya Mtaa

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo, na aliye jikoni aache mlango wazi ili naye asikie. Leo tunamkumbuka msusi. Msusi wa mtaa ulio nyuma ya karakana, mke wa fundi wa kuchomelea vyuma, mama wa mabinti wawili. Pale mtaani hawakumwita msusi. Walimwita Mgonjwa Wetu, naye akiitika huku anacheka. Alifariki dunia wiki iliyopita. Na mwanamke huyu aliyeitwa mgonjwa, wasikilizaji, alikuwa mzima wa afya karibu maisha yake yote. Mtanivumilia leo. Habari hii hainipi utulivu.

Tuanze barazani kwake, maana ndipo alipoishi zaidi. Baraza jembamba la saruji, kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya na mumewe, kioo kilichopasuka pembeni, na mikeka ya wanaosubiri zamu. Alikuwa na vidole vyepesi. Alikuwa na masikio mapana kuliko vidole. Alipenda kusema kwamba kichwa cha mtu kikishikwa, mdomo wake hufunguka. Basi wateja walifunguka. Huyu halali usiku, yule miguu inavimba, mwingine ana jambo la aibu hajui aanzie wapi. Msusi alikuwa akiwaambia, huku akigawa nywele kwa ncha ya kitana, kwamba mficha uchi hazai. Nao walisema yote.

Sasa tuingie zahanati. Mnazijua bei, sina haja ya kuzisoma hapa. Bei ya kumwona daktari ilipanda. Ikatulia kidogo, watu wakapumua, ikapanda tena. Ubao wa bei pale dirishani ulifutwa na kuandikwa upya mpaka chaki haikutaka kushika. Lakini zahanati ile ilikuwa na utaratibu mmoja: ukilipia kadi, unaruhusiwa kurudi kwa daktari mwezi mzima bila kulipa tena. Kadi ni ya mtu mmoja. Mtu mmoja, kadi moja, mwezi mmoja.

Aliyeuona mwanya huo ni mshonaji nguo, jirani wa ukuta mmoja na msusi. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, akauliza swali la utani: kama kadi haijali unaumwa nini, kwa nini mtaa mzima usimlipie mtu mmoja, akaenda kuumwa kwa niaba ya wote? Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha, wakatazamana. Halafu wote wakamtazama msusi.

Ndivyo alivyopata kazi ya pili.

Aliifanya kwa bidii, jamani. Mgonjwa alikuja barazani, naye akamhoji kama askari. Inachoma au inavuta? Ikianza, unakaa au unasimama? Ukimeza mate inakuwaje? Akishaelewa, anafunga kitambaa na kwenda. Seremala wa mtaa alipoumwa mgongo, msusi aliingia kwa daktari amepinda, mkono kiunoni, anaguna kila hatua. Daktari akampa dawa ya kuchua na kumwonya aache kubeba vitu vizito. Inasemekana alimtazama mikono, akashangaa huyu mama hubeba nini kizito zaidi ya kitana.

Alikwenda na macho ya mumewe yaliyokuwa yakiwasha kwa cheche za moto. Alikwenda na vidonda vya tumbo vya mshonaji. Dawa zikinunuliwa, anazipeleka kwa mwenyewe. Zahanati nzima ilimjua. Karani wa dirishani alikuwa akimwona tu, anauliza leo ni wapi.

Na makosa yalikuwepo, tusijidanganye. Muuza mkaa, mzee wa watu, alikuwa akienda haja ndogo kila mara na kiu haimwishi. Msusi akapeleka shida hiyo kama yake. Daktari akaagiza mkojo. Msusi akatoa mkojo, ukapimwa, jibu likarudi: hakuna sukari. Mzee alifurahi sana. Alikunywa chai yenye sukari ya kutosha akitangaza kwamba amepimwa, yuko salama. Fundi, mume wa msusi, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alizima mashine yake na kuvua miwani.

"Mke wangu," alisema, "mkojo ni wako, jibu apewe yeye? Damu na mkojo havina mwakilishi."

Msusi alicheka, lakini usingizi ulimpungua. Tumeambiwa hivyo na mdogo wake, aliyekuwa akiishi nao. Alianza kuwaambia watu kwamba hili aweza kulisema, lile waende wenyewe. Waende na nini? Wakarudi palepale barazani. Maji yalikuwa yamezidi unga, naye hakuwa na moyo wa kumfukuza mtu aliyeshika kifua.

Sasa wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri hapa.

Asubuhi moja msusi aliamka na maumivu ya tumbo. Tumbo lake yeye. Yalianzia kitovuni, yakahamia upande wa kulia, chini. Alisuka kichwa kimoja akashindwa kumaliza cha pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kadi ya mwezi ilikuwa bado hai. Akaenda zahanati, safari hii kwa nafsi yake, akajieleza kama alivyozoea kuwaeleza wengine. Kulikuwa na foleni hadi nje. Daktari hakumlaza kitandani. Alimjua. Alimwambia ni vile vidonda vyake vya tumbo vimeamka, apunguze pilipili na wasiwasi, akamwandikia dawa ileile ya mwezi uliopita.

Vidonda vile vilikuwa vya mshonaji.

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni: daktari, mimi sina vidonda, sijawahi kuwa navyo. Lakini akisema hivyo ataulizwa vilikuwa vya nani, na mgongo ulikuwa wa nani. Kadi itachukuliwa. Na wiki hiyo kulikuwa na watu wawili barazani waliokuwa wakimsubiri arudi, mmoja wao akihema kwa shida. Msusi alishukuru, akatoka. Dawa alizinunua. Zilipofika nyumbani alimpelekea mshonaji, kwa sababu hakuona maana zipotee bure. Yaani hata siku aliyougua yeye, aliyetibiwa ni jirani.

Waswahili husema mganga hajigangi. Nilikuwa nikiutumia usemi huo kwa mzaha. Siutumii tena.

Mdogo wake alimsihi arudi akaseme ukweli. Msusi akamjibu kwamba mwezi unakaribia kuisha, wale wawili wapate kwanza dawa zao, halafu atasema, liwalo na liwe. Kesho yake homa ilipanda. Siku iliyofuata hakuweza kunyoosha mguu. Fundi alimbeba hadi zahanati, akalazwa kwenye benchi la korido, na muuguzi akapita akisema huyu ni yule wa vidonda, daktari ameshamwandikia, asubiri.

Mdogo wake hakusubiri. Alikimbia mtaani, akagonga mlango kwa mlango. Yaliyofuata tumesimuliwa na watu wengi, na wote wanayasimulia sawasawa. Mtaa ulihamia zahanati. Seremala na vumbi la mbao kwenye nyusi, muuza mkaa na mikono yake myeusi, mshonaji na futi ikiwa bado shingoni. Karani akawazuia dirishani, akadai kadi zao.

"Hatukuja kutibiwa," mshonaji akamwambia. "Tumekuja kuchukua magonjwa yetu."

Wakampita. Wakasimama mbele ya daktari, mmoja baada ya mwingine. Ule mgongo ulikuwa wangu, akasema seremala. Mzee wa mkaa akasema ile kiu ni yake, na mpaka sasa hajapimwa. Fundi akavua miwani na kuonyesha macho yake. Mshonaji ndiye aliyemaliza. Vidonda ni vyangu, akasema, na dawa ulizomwandikia juzi nimezimeza mimi.

 Daktari akainuka, akaenda kwenye benchi, akamgusa msusi tumbo kwa mara ya kwanza kama mtu asiyemjua. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alimpeleka hospitali kubwa kwa gari lake mwenyewe, na hilo tunalisema kwa sababu ni haki yake lisemwe. Mambo ya kule mlangoni, ya malipo kwanza ndipo lango lifunguliwe, hatuyarudii. Mnayajua. Alipasuliwa. Hakuamka.

"Dada yangu alisema magonjwa ya watu wote akaaminiwa," mdogo wake ametuambia. "Aliposema la kwake, hakuaminiwa."

Kwa fundi, mumewe. Kwa mabinti wake wawili. Kwa mdogo wake, na kwa mtaa mzima wa nyuma ya karakana: kipindi hiki kinalia pamoja nanyi. Poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe, na awape subira ambayo sisi wengine tumeikosa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini nami. Wapo wanaosema mtaa ule ulimwua kwa ujanja wao. Wapo wanaomlaumu daktari. Wengine wanasema angesema mapema. Mimi nimeyageuza yote haya wiki nzima, na kila nikigeuza narudi kwenye ule ubao wa bei. Wakazi walifanya mkutano, wakalalamika, wakasikilizwa kwa heshima. Ubao haujafutwa. Na zahanati imeweka sharti jipya, kwamba mwenye kadi aje na picha yake.

Jumatatu dobi mmoja wa mtaa ule alionekana langoni pale. Alisoma ubao, mkono kifuani. Akausoma tena, akageuka kurudi nyumbani. Hatujui anaumwa nini. Aliyekuwa akijua, tumemzika.