Siku ya Kwanza ya Bisi ya Aveba

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, kando ya uzio wakati Dady aliposimamisha moto yake, pikipiki ya kubeba abiria, mbele ya benchi. Benchi ni letu, lakini wanaume wa Bigo, mtaa wetu hapa Bunia, walilichukua zamani: wao wanaleta midomo, mimi naleta kahawa. Jioni hiyo alikuwepo Firmin, tunayemwita Minisita kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Wifi yangu Elisabeth alikuwa karibu nami, anachambua mchele. Alikimbia kutoka kijijini kwake Aveba na watoto wake wakati wa vita, na tangu hapo analala kwetu.

— Mpango wa serikali umetoka, Dady akasema. Bisi ya watu, basi la abiria, itaenda Aveba. Hapa Bigo, hakuna kitu.

— Namna gani hakuna? Firmin akauliza. Bigo imejaa watu mupaka kwenye mitaro.

— Kwa karatasi yao, Bigo iko na watu kidogo. Aveba ndiyo imejaa.

— Imejaa nani? nikauliza.

— Mama Orly, wale vijana wa kuhesabu watu walipopita kuuliza unakaa wapi, weye ulijibu nini?

— Bigo.

— Na wifi yako?

Elisabeth hakuinua macho.

— Nilisema Aveba. Nikisema Bigo, kesho mutu atakamata shamba yangu, atasema mimi mwenyewe nilikubali niko wa Bunia.

— Mimi pia nilisema Aveba, akasema Firmin.

— Weye, Minisita? Ulifika Aveba lini?

— Babu yangu alizaliwa kule. Inatosha.

Dady akacheka. Kumbe avenue yetu nzima, nyumba kwa nyumba, ilijibu hivyo.

— Ni muzuri, Firmin akaendelea. Bisi ikianza, watu watarudi. Nyumba za kupanga hapa zitakuwa wazi. Kisha watatengeneza barabara mupaka ziwani, samaki wa Tchomia watafika Aveba wakingali wanaruka. Siku moja Bunia itakuwa kijiji, itatuma wajumbe Aveba kuomba bisi.

— Na moto yangu?

— Utaiweka sebuleni, wajukuu waone.

— Basi hiyo bisi iwe ya orofa. Ng'ombe juu, watu chini.

— Hapana. Ng'ombe mbele, wanajua njia.

Elisabeth hakucheka.

— Mvua ya kupanda imeanza, akasema. Mimi nataka tu niende asubuhi, nipande maharagi, nirudi jioni. Watoto wabaki hapa na masomo.

Estelle, mpangaji mpya wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekuja kuomba makaa. Alisimama na kipande cha bati mkononi.

— Munisamehe, mimi ni mugeni. Siku ya kwanza, kati ya ninyi mulioandikwa Aveba, nani atapanda bisi?

— Mimi, akasema Elisabeth.

— Na mwengine?

Firmin akatazama ndani ya kikombe. Dady akapangusa taa ya moto yake.

— Maana dereva akibeba mutu mumoja, Estelle akasema, wataiacha bisi iende mupaka lini?

Nilimimina kahawa iliyobaki. Wakainywa, wakaaga.

Nilipakua bugali na sombe nikiita majina: watoto wangu, wa Elisabeth, na mume wangu Jérôme, aliyerudi na vumbi lote la njia. Wote walikuwepo. Nikampa Elisabeth sahani yake.

— Siku ya kwanza tutakuwa wawili ndani ya bisi, nikamwambia. Nina jembe.

— Na nani atapika?

— Jérôme.

Jérôme akaendelea kula.