Majani ni Yako, Muhogo ni wa Serikali

Benchi lenyewe liko Forest, mjini Brussels, mbele ya duka la mashine za kufulia, na limewekwa kwa ajili ya wateja wanaongoja nguo zao. Wanaolikalia kila alasiri hawafui hata leso. Yupo Maman Mignonne wa Bukavu, mwenye thermos ya kahawa, anayeitwa Fédérale kwa sababu tangu afike Ubelgiji hajaacha kudai kila jimbo la Kongo lijitungie sheria zake. Yupo Kalenga, anayeitwa Notaire kwa kuwa amepiga deki ofisi ya notaire, mthibitishaji wa hati za mali, kwa miaka kumi na tisa. Yupo Anaclet, anayeitwa Géologue, yaani mjuzi wa miamba, kwa kuwa aliwahi kuchimba mtaro wa metro miezi miwili. Na yupo Papa Banza, aliyefunga milango ya magari kiwandani mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa, na ambaye leo alikuwa akiinuka na kuketi kama mtu aliyekalia siafu.

Mfukoni mwake mlikuwa na karatasi iliyokosa saini tu. Kampuni moja ilikuwa imepewa kibali cha kuchimba madini chini ya shamba la marehemu baba yake, nje ya Likasi, Kongo. Sasa ilitaka kununua na juu. Mpwa wake Héritier alikuwa anangoja picha ya karatasi ile, yenye saini, kabla ya saa kumi na moja. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

— Tia signature, Banza, alisema Notaire. Weye unauzisha nini? Kifuniko. Sufuria yenyewe ni ya État, ya serikali. Sol na sous-sol, udongo na chini yake, yote ni ya État. Papier ya baba yako inasema tu: kaa hapa yulu, usisumbue bantu.

— Njo ile minakatala! alidakia Fédérale. Inchi mukubwa vile, loi moja, sheria moja tu, inatoka Kinshasa? Angalia hapa. Belgique ni kadogo, unaivuka mbele kahawa ipoe, na kila région iko na loi yake ya udongo. Ukiuzisha nyumba hapa Forest, Bruxelles inakupa attestation, cheti ya udongo. Vuka kule Drogenbos, unaomba ya Flandre. Na udongo ni ule ule!

— Na munyoo ya mu udongo? aliuliza Anaclet. Akitoka hapa kwenda Drogenbos, eko na attestation?

— Cheka tu. Kama tungekuwa fédération, province ya Banza njo ingesema.

— Province ama Kinshasa, minauliza kintu kimoja, alisema Anaclet. Sous-sol inaanziaka wapi? Nani alipima?

Notaire alikohoa kidogo, kama alivyosikia wakubwa wake wakikohoa.

— Inaanza kule jembe inaishia.

— Jembe ya nani? Yangu ama ya bibi yangu? Ya bibi yangu inaendaka chini zaidi.

Banza aliinuka, akaenda hadi mlangoni mwa duka, akarudi. Alikuja hapa kupata jibu moja tu, aweze kutia saini na moyo wake ukiwa umetulia. Sasa moyo ulikuwa unazunguka kama nguo ndani ya mashine.

— Bon, tuchukue muhogo, aliendelea Anaclet. Sombe iko yulu: majani ni yako. Muhogo yenyewe iko chini: ni ya État. Donc fufu yote tulikula tangu butoto, tuliiba.

— Tulivuna bila permis! alisema Fédérale, akicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mutaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Anaclet. Alors, État ije, iiname, ivune mwenyewe.

— Hiyo proverbe haisemake vile.

— Proverbe haina mwenyewe, maman. Na mukisha kuchimba État, chini yake iko nini? Chimba tu, chimba, utatokea upande ya pili ya dunia, mu bahari. Donc samaki ya kule ni ya Banza! Uzisha shamba, baki na samaki.

Banza hakucheka.

— Na baba?

— Baba gani?

— Baba yangu. Tulimuzika mule mule, nyuma ya kichuguu. Mètre cinquante, mita moja na nusu. Eko mu sol, ama eko mu sous-sol?

Mashine moja ndani ilikuwa inakamua nguo, na benchi lote likatetemeka. Notaire, asiyekosa article, kifungu cha sheria, alikohoa tena.

— Ile article... siyapata kuiona.

— Héritier anasema batahamisha mifupa, alisema Banza kwa haraka. Batajenga kaburi ya simenti mu muji. Anasema hata musalaba itakuwa ya marumaru.

— Basi tia signature, alisema Notaire. Iko seize heures quarante, saa kumi na dakika makumi ine.

Banza akaitandaza karatasi gotini, akavua kifuniko cha kalamu.

— Shikamooni, wazee.

Alikuwa Sudi, Mtanzania aliyehamia mtaani wiki ile, na mfuko wa nguo begani. Mashine zote zilikuwa na kazi, naye alikuwa amesimama pale tangu kwenye habari ya munyoo.

— Marahaba! alisema Anaclet, akijitahidi kuvuta Kiswahili cha Dar es Salaam.

— Samahani, mzee. Mwaka huu shamba hilo amelilima nani?

Banza aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

— Héritier, alisema Fédérale.

— Héritier ni muntu ya bureau, alijibu Banza polepole. Jembe haijui.

Miaka tisa iliyopita Banza alikwenda kule mara ya mwisho. Alikuta mahindi yamesimama katika mistari iliyonyooka, na kitenge kimeanikwa kwenye kamba. Kaburi la baba yake lilikuwa limefagiwa. Alifurahi, kama mtu anavyofurahia hali nzuri ya hewa. Hakuuliza ni kazi ya nani.

Alimpigia Héritier, simu ikiwa kwenye spika ili wote wasikie.

— Tonton! Umesha kutia signature? Bantu ya kampuni beko hapa.

— Kwanza uniambie. Nani analima kule?

— Tonton, réseau iko mubaya.

— Minakusikia muzuri. Minasikia hata jogoo.

— Tonton, ule mama hana papier hata moja!

— Sikuuliza papier. Minauliza jina.

Jogoo wa Likasi aliwika tena, kisha simu ikakatika.

Fédérale aliinamisha thermos juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja. Ndani, mashine nambari sita ilikuwa imesimama, lakini Sudi hakuingia. Banza alikuwa ameweka kikombe chake juu ya karatasi ili isipeperuke, na alama ya kahawa ilikuwa imekaa mahali pa saini. Hakuitazama. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, anampigia Héritier tena.