Kuonja Tu

Ndani ya basi, mpishi wa kantini alikuwa anamfungulia moyo mama mshonaji aliyekaa ubavuni mwake, ingawa hawakujuana hata kwa sura.

"Mafuta yamejaa kwenye damu yangu, daktari kasema. Ndiyo hayo hayo yaliyomwangusha kaka yangu mbele ya jiko, mwiko mkononi. Tangu hapo kwangu hakikaangwi kitu. Mke wangu ananuna, anasema tunakula kama wagonjwa wodini."

"Na vipimo vimeshuka?"

"Vimepanda tena. Hata usingizi umenipaa."

Mama akamtazama tumbo, halafu uso. "Na kazini, baba, unakula nini?"

"Kazini sili kabisa," mpishi akasema kwa fahari. "Naonja tu."

"Unaonja nini?"

"Nyama. Viazi vya kukaanga. Mchuzi. Kila sufuria, mpaka chumvi ikubali." Kadiri alivyotaja ndivyo sauti ilivyozidi kumfifia. "Lakini kuonja si kula, mama."

"Sawa. Na hiyo damu yako itajuaje?"

Basi likasimama mbele ya kantini, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikaingia dirishani. Mpishi hakuinuka. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni, naye akaogopa kuyameza.