Figo Ilikuwa Nzima Hadi Mwisho

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa safari na poleni kwa jua, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, ambaye yeye ndiye aliyeniachia ziwa, niwasomee maisha yake, na nikicheka katikati ya machozi mnivumilie, maana tunayemzika alikuwa mtu wa mizaha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha magodoro, akaanza shule ya msingi Januari 1976, sekondari mwaka 1983, na mwaka 1987 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alifaulu hesabu kwa akili na uchoraji kwa huruma ya mwalimu.

Tarehe 2 Aprili 1990 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, na wote wakamwita Ngazi, kwa kuwa fundi huyu wa lifti hakupanda lifti, alikwea ngazi na sanduku la vifaa begani hata ghorofa ya tisa, na akiulizwa alijibu kwamba mganga hajigangi. Tarehe 14 Septemba 1996 alifunga ndoa na wifi yangu, mhudumu wa mapokezi katika mojawapo ya majengo hayo, na wewe wifi usinikazie macho, kila mtu hapa anajua lifti ya jengo lenu iliharibika kila wiki mwaka ule, na baada ya harusi ikapona ghafla. Mungu akawajalia binti mwaka 1998 na mwana mwaka 2002.

Mwaka 2009 figo zake zote mbili zilishindwa kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine, na nilipojitolea kumpa figo yangu alikataa katakata, akisema hawezi kuniacha na moja, nikiugua atamwambia nini mama, mpaka mama mwenyewe alipomwita jikoni, akafunga mlango, na alipotoka humo alikuwa amekubali. Tulipasuliwa tarehe 17 Mei 2012, na tangu hapo figo ile akaiita mdogo wake, akimimina maji mezani anatuambia tumpishe, anamnywesha mdogo wake, nami pembeni na glasi tupu namkumbusha kwamba mdogo wake yupo hapa na ana kiu, ndipo ananimiminia. Dawa zake hakuziruka, na kila mwaka alinisindikiza hospitali nikapimwe, eti anakagua iliyobaki.

Mwaka 2021 wenzake kazini walimwona Ngazi akiingia kwenye lifti kwenda ghorofa ya kwanza, wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakampigia wifi simu. Pumzi ilikuwa ikimkatika, miguu inavimba, sote tukadhani ni figo, roho yangu ikawa mkononi, lakini vipimo vilionyesha kwamba presha imepanda kwenye mishipa inayopeleka damu mapafuni, moyo unasukuma kwa tabu, na madaktari wakatueleza kuwa ilianza kimyakimya tangu enzi za mashine, ikatulia alipopata figo, kisha ikarudi. Alitibiwa, akastaafu mwaka 2023, akaishi na mtungi wa oksijeni, na Jumanne tarehe 21 Januari 2025, mchana, wifi akiwa amemshika mkono, alituaga.

Sasa nasema alichoniagiza mwenyewe kwa pumzi ya kuokoteza, kwa kuwa tangu juzi nasikia minong'ono hapa msibani kwamba figo ya kupewa ndiyo iliyomwangusha, na inaniuma, jamani, inaniuma sana. Figo haikumwangusha, moyo ndio uliochoka, na hata vipimo vya mwisho, daktari wake akiwa hapa anisahihishe, vilionyesha figo iko kazini, figo iliyompa miaka ya kumwona binti yake akihitimu na kumpakata mjukuu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo na ya moyo, mafundi wenzake, na majirani mliopandisha mitungi ya oksijeni hadi ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, jambo lililomchekesha mpaka akakohoa.

Kaka, nimesema, na wiki iliyopita nilipimwa, iliyobaki ni nzima, usiwe na wasiwasi. Pumzika kwa amani, mdogo wako mmoja umelala naye, na huyu mwingine ataanza kujimiminia maji mwenyewe.