Tumbaku Aliyoipokea Verna Kejick Kabla ya Kuuliza

Kwanza salamu. Nawasalimu wazee wa koo zote za Ziwa la Mierezi, Mzee Alphonse anayetuwashia moto wa duara la wazee, Leona wa mapokezi na mguu wake unaomsumbua, madereva, na watoto wote waliowahi kulala chini ya paa letu. Namsalimu pia Stanley, mume wa Verna, ambaye sasa itabidi azoee kuambiwa avue viatu mlangoni hata mchana. Mimi ni Doreen wa jikoni. Shule yangu iliishia darasa la sita, mtanivumilia.

Verna Kejick ameitumikia Nyumba ya Familia miaka thelathini na mmoja, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe kumi na mbili Juni.

Kazi yenyewe aliipata kwa kosa. Wazee walimpelekea tumbaku, naye akaipokea kabla ya kuuliza wanaomba nini. Kwetu ukishaipokea umekubali. "Nilidhani wanataka niwakaangie samaki wa karamu," anasema mpaka leo. Mzee Alphonse humjibu, "Na samaki wenyewe bado tunawangoja, mama." Kumbe walitaka mtu wa kuwarudisha watoto kwenye koo zao kabla serikali haijawapeleka mjini kwa wageni.

Kitu kimoja kimenishangaza miaka yote. Verna akifika kwenye nyumba yenye shida hagusi makaratasi. Anachuchumaa mbele ya mtoto na kumuuliza, "Ukiogopa, unakimbilia kwa nani?" Halafu anakwenda huko huko alikotajiwa, anakunywa chai, anauliza habari za ukoo, hana haraka. Swali hilo alilitoa wapi? Nimemuuliza mara nyingi. "Doreen, mikate inaungua," ndilo jibu ninalopata. Na kweli huwa inaungua.

Swali lile nalijua. Mwaka niliozama kwenye pombe, gari la serikali lilisimama mlangoni kwangu. Verna alimuuliza binti yangu Janelle, wa miaka mitano. Mtoto hakunitaja mimi. Alimtaja shangazi yake Ruby, wa ukoo wa dubu, ukoo wa baba yake. Niliumia sana, lakini lile gari liliondoka tupu. Wazee wakakaa kwenye duara, unyoya wa tai ukapita mkono kwa mkono, kila anayeushika akisema lake, ikaamuliwa Janelle akae kwa Ruby, nami niende kila jioni kumsuka nywele mpaka nipone. Nilisuka miezi kumi na minne.

Sasa Janelle ni mama, yuko kwenye nyumba ya tiba, na duara la kuamua watoto wake wawili wakae kwa nani ni Alhamisi ijayo. Wafanyakazi wapya ni wazuri, sikatai. Lakini nani atachuchumaa?

Verna, asante kwa kila mlango ulioubisha. Tunakuombea magoti yenye nguvu, mpunga mwitu mwingi ziwani na Stanley asiyenuna.

Kwenye nakala yako ya kijitabu hiki cha sherehe nimefunga tumbaku kwa kitambaa chekundu. Usiiguse kwanza. Safari hii unaambiwa mapema: naomba uje Alhamisi uwaulize wajukuu wangu lile swali. Naogopa huenda wasinitaje. Waulize hivyo hivyo.

Ukiipokea, mtume Stanley aniletee habari upesi, leo hii kama anaweza. Niko jikoni, na mikate naiangalia.