Wasifu wa Zulma Ortigoza, Aliyeogelea kwa Namba ya Mdogo Wake

Mama yetu Ña Blásida, shemeji Isabelino, Padri, majirani wa mtaa wa juu, na ninyi wanariadha mliokuja na fulana za klabu: mimi ni Nimia, mdogo wake marehemu. Karatasi mliyoshika niliiandika mimi jana. Humo nimesema dada yetu alifariki ghafla akiwa na afya njema. Si kweli, na nilipokuwa naandika nilijua si kweli. Kuna mtu amekatazwa kuingia humu makaburini leo kwa sababu ya uongo huo. Nitasoma kwa utaratibu wetu wa siku zote, ila nikifika pale, sitasoma kilichochapwa. Naomba mtu yeyote asinikatize mpaka nimalize.

Zulma Ortigoza Brítez alizaliwa hapa Encarnación, Paraguay, Ijumaa tarehe 14 Septemba 1973, katika mji wa chini, nyumba ya pili kutoka stesheni ya reli. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Don Fulgencio, mpakia mizigo wa reli, na wa Ña Blásida, mwoka chipa, vimkate vyetu vya unga wa muhogo na jibini. Baada ya miaka mitatu nikafuata mimi, na hapo uzazi ukafungwa. Tulifanana mno. Padri wa zamani alikuwa akimbariki Zulma mara mbili na mimi ananiruka, kisha Mama ananirudisha kwenye mstari huku amenishika sikio.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, akaishia darasa la sita. Hesabu alikuwa akizifanya kichwani, wenzake bado wanatafuta kalamu. Mwaka huo Mama alianza kuvimba viungo vya mikono, hawezi tena kukanda unga, na mmoja wetu alipaswa kuacha shule. Zulma ndiye aliyeacha. Mbele ya watu hakulalamika hata siku moja. Kwangu mimi alilalamika mpaka masikio yakauma, na alikuwa na haki.

Tangu mwaka 1986 hadi Jumamosi iliyopita marehemu aliuza chipa kwenye kituo cha mabasi. Hiyo ni miaka thelathini na minane, kapu kichwani, aproni nyeupe yenye jina lake lililodariziwa kifuani kwa uzi mwekundu. Madereva walimjua kwa sauti. Aliyelalamika kwamba chipa imepoa aliambiwa, "Imepoa kwa sababu basi lako limechelewa, mzee. Lipa."

Alifunga ndoa na Isabelino Cabañas, fundi wa majokofu, Jumamosi tarehe 4 Februari 1995. Kabla ya hapo Isabelino alikuwa akija kituoni kununua chipa mara nne kwa siku, wala hasafiri popote. Mama aliuliza mbele ya wateja wote, "Huyu mtu ana minyoo au ana mapenzi?" Isabelino akajibu, "Vyote viwili, Ña Blásida," na posa ikawa imeshapelekwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dahiana na Éver. Waliishi vizuri. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, na kuta zetu ni nyembamba.

Mwaka 2008 nyumba ya wazazi ilibomolewa pamoja na mji wote wa chini, tukahamishiwa mtaa wa juu, kisha maji ya bwawa la umeme yakapanda yakafunika kila kitu. Baba hakuishi miaka miwili baada ya hapo. Zulma naye akakosa raha. Akimaliza kuuza alikuwa akishuka hadi barabara mpya ya ufukweni, anasimama, anatazama maji. Siku moja ya Julai 2012, akiwa na miaka thelathini na minane, badala ya kusimama akaanza kukimbia. Alikuwa na viatu vya turubai na sketi. Wanaume waliokuwa wakinywa tereré, chai yetu ya baridi, pembeni walimpigia kelele, "Zulma, umeiba kuku wa nani?" Akawajibu, "Wa mkeo, na ndiye aliyenituma!" Aliendelea mpaka daraja la kwenda Argentina, akarudi akitembea, na kesho yake hakuweza kukaa kwenye kiti.

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye riadha. Alishiriki mashindano thelathini na moja: mbio za mtaa, nusu marathoni mbili za Asunción, na triathloni tisa hapa kwetu, ambako mtu huogelea, hupanda baiskeli, kisha hukimbia, na kwenda nyumbani hawezi. Mwaka 2014 alipanda baiskeli ya kubebea chipa, kapu tu ndilo alilolifungua. Alifika mwisho wakati watu wa kamati wanakunja kamba, akawaambia wazirudishe, wakazirudisha. Mara moja alipata nishani ya tatu ya wanawake wa umri wake. Mama aliuliza walikuwa wangapi. Walikuwa watatu. "Kwa hiyo umeshika mkia ukavishwa nishani," Mama akasema, kisha akaipeleka hiyo nishani kwa majirani nyumba kwa nyumba.

Kuogelea ndiko alikokupenda kuliko vyote. Njia ya waogeleaji hupita mahali ulipokuwa mtaa wetu. Mara ya kwanza alipomaliza alimwambia Mama, "Leo nimepita juu ya jiko lako." Mama akamuuliza, "Moto niliuzima?" Walicheka wote wawili, kisha Mama akaingia ndani akalia. Mimi nilikuwa nikishiriki naye kwa sababu aliniburuta, na ukweli ni kwamba maji yale niliyaogopa kila mwaka.

Sasa nimefika pale.

Mwezi wa Mei mwaka huu dada alianza kupata kizunguzungu. Mwezi wa Agosti alikwenda kuomba cheti cha afya, maana bila cheti cha daktari hupewi namba ya mashindano. Mimi nilikwenda naye. Nilipata changu. Yeye alipimwa moyo mara mbili, na daktari akatueleza taratibu kwamba msuli wa moyo wake umenenepa, kwamba asikimbie wala asiogelee kabisa hadi apimwe tena Asunción mwezi wa Januari, na kwamba anaweza kufa. Alilitamka neno hilo. Aliliandika pia. Tulipotoka nje Zulma alinipa ile karatasi niifiche ili Isabelino asiione. Niliifunga ndani ya kitabu changu cha sala. Shemeji, ulipokuwa ukiniuliza Septemba kwa nini Zulma amepunguza mazoezi, nilikwambia ni magoti.

Alhamisi iliyopita, siku tatu kabla ya mashindano, tulikuwa jikoni kwake, tunafinyanga chipa. Akaniambia, "Mdogo wangu, nipe namba yako."

Nikamwambia, "Ina jina langu."

"Na sura yetu ni moja. Nani atajua?"

"Daktari je?"

"Daktari mwenyewe hajui kuogelea."

"Dada, usilete mzaha na moyo."

Akaacha kufinyanga. "Januari watanipasua au watanikataza moja kwa moja. Nipe Jumapili moja tu, Nimia. Nipite juu ya nyumbani mara moja, basi. Miaka yote hii nimekuomba nini mimi?"

Hakuwa ameniomba kitu. Shule niliyosoma mimi ndiyo aliyoiacha yeye. Ningeweza kusema hivyo na nikaishia hapo, na wengi mngenihurumia. Lakini kuna la pili. Sikutaka kuogelea Jumapili. Nilikuwa nimechoka, naogopa yale maji, na kumpa namba kulinifaa mimi pia. Nilimpa haraka kuliko dada anavyopaswa kutoa kitu cha namna hiyo. Tukakubaliana mimi nisimame kituoni na kapu lake na aproni yake, ili watu wamwone Zulma kazini kama kawaida. Wewe Isabelino uliambiwa yuko kituoni, ukaamini.

Zulma alifariki Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, saa moja na nusu asubuhi, mita kama mia mbili kutoka ufukweni.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza. Mwanamke wa kamati aliyekuwa hatujui akashuka kwenye gari akasoma aproni. "Wewe ndiye Zulma?" Nikasema ndiyo, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Akanishika mikono yote miwili. "Pole, mama. Dada yako Nimia amefariki majini." Katika kituo kizima mimi peke yangu ndiye niliyejua nani amekufa. Nilikaa chini na kapu mapajani. Mteja mmoja akaniuliza kama bado zipo za moto.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia. Mama alikuwa sakafuni analiita jina langu. Aliponiona aliruka, kwa mikono ile mibovu akanishika uso, akanibusu macho, akacheka. "Nimia! Mwanangu uko hai! Walinidanganya, mashetani wale, uko hai!" Aliwaita majirani waje waone. Kisha akashuka kwa macho hadi kifuani pangu. "Mbona umevaa aproni ya Zulma?"

Mama, sikukujibu siku ile. Ulijijibu mwenyewe.

Jumatatu mimi na Dahiana tulimwosha marehemu. Namba ya mwogeleaji huandikwa kwenye mkono kwa wino mzito, na yake ilikuwa 214, ambayo ni yangu. Tulisugua kwa sabuni, tukasugua kwa spiriti, haikutoka. Dahiana akasema, "Mama mdogo, acha, unamchubua." Tumemzika, au tuseme tutamzika sasa hivi, nayo iko mkononi chini ya ile blauzi ya buluu.

Sasa nasema juu ya Cirilo Villalba. Ni fundi uashi wa mtaa wetu, na kila mwaka hujitolea kukaa kwenye mtumbwi kulinda waogeleaji. Kwenye mkesha wa juzi nilisikia watu wakisema alichelewa, alikuwa anacheza na simu, alimwona mwanamke wa watu anazama akamwacha. Isabelino alimsukuma ukutani hospitalini, akamwambia asikanyage mazishi haya. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilinyamaza.

Cirilo alinisimulia mwenyewe, na waogeleaji wawili walio hapa walisikia. Zulma alishika ubavu wa mtumbwi kupumzika, jambo ambalo linaruhusiwa. Cirilo akamuuliza, "Nimia, vipi? Panda nikurudishe." Akasema, "Mimi mzima, Cirilo. Niache, nimekaribia kwetu." Na akaachia. Cirilo alikuwa na orodha ya waogeleaji wenye matatizo ya afya. Jina la Nimia Ortigoza halikuwamo, kwa sababu cheti cha Nimia kilikuwa safi. Angejua ni Zulma, na angejua kilichoandikwa kwenye ile karatasi iliyo ndani ya kitabu changu cha sala, angempandisha kwa nguvu. Alipoona hasogei tena aliruka majini na nguo zake, akamvuta hadi ufukweni. Alimkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika, dakika ishirini na tano, na walipomwondoa Cirilo juu yake walilazimika kumvuta mikono.

Hakuchelewa. Aliyechelewa ni mimi, tangu Agosti.

Karatasi ya daktari ninayo hapa. Shemeji, nitakukabidhi ukinikaribia, na usiponikaribia nitampa Dahiana.

Marehemu ameacha mama yake, Ña Blásida Brítez, mume wake, Isabelino Cabañas, watoto wake, Dahiana na Éver, mjukuu mmoja, Araceli, mwenye miezi saba, wateja wa miaka thelathini na minane, na mimi. Sala za siku tisa zitafanyika nyumbani kwa marehemu kuanzia leo saa kumi na mbili jioni. Kama nitakatazwa kuingia nitasali nikiwa upande wangu wa ukuta.

Jeneza lina vishikio sita. Kimoja nilipewa mimi kwa kuwa ndimi mdogo wake. Sitakishika. Cirilo yuko nje ya lango, nimempita nikiingia, amevaa shati jeupe na hajamtazama mtu usoni. Éver, wewe ndiwe mtoto wa kiume wa Zulma: nenda kamwambie aje ashike nafasi yangu. Mimi nitakuja nyuma ya wote.

Jina lililotangazwa Jumapili kwenye vipaza sauti lilikuwa langu. Mungu ampokee Zulma kwa jina lake mwenyewe, na ampe utulivu.